Kati ya Hame na Gofu: Majengo ya Shule Zilizofungwa

Tuanze na maneno mawili ambayo wengi wetu huyachanganya katika insha. Hame ni mahali palipohamwa na watu: kuta zipo, paa lipo, ila wenyewe hawapo. Gofu ni jengo lililokwisha bomoka, likabaki kuta tu. Katika somo hili nataka tuitazame safari ya kutoka hame hadi gofu, maana huko Marekani majengo mengi ya shule za umma yametiwa katika njia hiyo.

Mwezi wa Mei mwaka 2013, halmashauri ya elimu ya Chicago ilipiga kura kufunga shule zipatazo 50 kwa mkupuo mmoja. Mwaka huo huo Philadelphia nayo ikafunga zaidi ya 20. Sababu zilizotolewa ni kwamba wanafunzi wamepungua na fedha hazitoshi. Huko Chicago nyingi zilikuwa katika mitaa ya Wamarekani weusi. Wazazi waliandamana, wakapinga, lakini wapi! Watoto wakahamishiwa kwingine. Na majengo je?

Shule zile za zamani zilijengwa kwa matofali imara, dari juu, korido pana na madirisha makubwa, kwani taa za umeme zilikuwa hafifu na mwanga wa jua ndio uliotegemewa. Mtu angedhani jengo kama hilo laweza kukaa peke yake miaka mia. Thubutu! Adui wake ni maji. Shule ikifungwa, mitambo ya joto huzimwa, na katika baridi ya kwao maji yaliyomo mabombani huganda na kuyapasua. Wezi nao huingia kung'oa mabomba ya shaba. Majani huziba mifereji ya paa, maji hutuama, dari huanguka. Baada ya miaka michache tu gharama ya kukarabati imepanda, na hapo hatakosa kutokea mtu wa kusema, "Afadhali tulibomoe." Kwa hiyo mwenye nia ya kuliokoa jengo yafaa aanze kabla kengele ya mwisho haijalia.

Yako yaliyookolewa kwa kuchelewa. Shule ya Kennedy, mjini Portland, ilifunguliwa mwaka 1915 ikafungwa 1975. Majirani walikataa isibomolewe, na mwaka 1997 ikafunguliwa tena ikiwa hoteli. Wageni hulala katika madarasa yenye ubao wa chaki, ukumbi umekuwa sinema, na baa moja imepewa jina la ile adhabu ya kubakizwa shuleni baada ya masomo. (Walimu wetu wasichukulie hili kuwa pendekezo.)

Kisa cha Bok, huko Philadelphia, ndicho kinachonikuna kichwa. Jengo hilo la ghorofa nane lilijengwa miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kwa msaada wa fedha za serikali kuu. Ilikuwa shule ya ufundi: uashi, mabomba, ususi, upishi. Ilifungwa mwaka 2013, na kampuni iitwayo Scout ikainunua kwa dola 1,750,000. Haikuvunja madarasa bali iliyakodisha kuwa karakana, na leo maseremala, washonaji na masonara wanafanya kazi mle mle ufundi ulimofundishwa. Vizuri sana. Lakini mwaka 2015 ilifunguliwa baa juu ya paa, na watu wakakasirika: matajiri waje kunywa mvinyo pale watoto wa maskini walipofukuzwa? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, ila sidhani kama mwenyeji aliyefungiwa shule amepona.

Kwani kwa nini yakawa mahoteli na nyumba za kupangisha, si maktaba? Jibu limo katika sheria ya kodi. Serikali kuu ya Marekani humpunguzia kodi mwenye kukarabati jengo la kihistoria, kiasi cha asilimia 20 ya gharama ya ukarabati. Masharti ni kwamba sura yake ya kale isiharibiwe, na jengo liwe la kuingiza mapato. Maktaba ya bure haiingizi mapato. Basi sheria inayookoa kuta ndiyo hiyo hiyo inayomvuta mwenye jengo kuelekea kwa mteja mwenye pesa.

Sisi huku tumelitenda jambo la namna hii kwa njia nyingine. Fort Jesus ilikuwa gereza hadi mwaka 1958, na ngome ya Lamu hadi 1984. Zote mbili sasa ni makavazi ya umma. Tiketi hulipwa, ndiyo, lakini mtoto wa Mombasa au Lamu huingia pale babu yake alipoingizwa kwa pingu.

Kwa mjadala wa chama chetu muhula ujao, kila mwanachama achague jengo moja la zamani la umma lililo karibu na kwao. Aandike ukurasa mmoja: paa lake likoje wakati huu, likihamwa ni nani aulizwe kwanza, na ni chumba kipi kiwekwe kwa maandishi kuwa cha wenyeji, hata jengo likiuzwa.