Kabla ya Kuwekewa Wavu

Mpendwa mama, huenda tangu ulipojifungua mkojo unakutoka ukikohoa au kubeba mzigo. Au unahisi kizazi kimeshuka. Usifiche jambo hili, hasa kwa mumeo. Si aibu wala laana. Ni misuli ya nyonga iliyolegea.

Kuna upasuaji ambao daktari hutumia wavu wa plastiki kutegemeza viungo hivyo. Wavu huo hukusudiwa kubaki mwilini daima, na nyama huota ndani ya matundu yake. Wanawake wengi umewafaa. Wengine umewaumiza: umetoboa ukuta wa uke, wakatokwa na damu na kupata maumivu ya kudumu. Kuutoa ni kazi ngumu, na pengine hautoki wote.

Mwaka 2018 Uingereza ilisimamisha matumizi yake ya kawaida kwa wanawake wanaotokwa na mkojo. Mwaka 2019 Marekani iliyaamuru makampuni yaache kuuza wavu wa kutibu viungo vilivyoshuka unaowekwa kwa kupitia ukeni. Hata hivyo wavu unaowekwa kwa kupitia tumboni, na ule ukanda mwembamba wa kuzuia mkojo, bado hutumika katika nchi nyingi. Kwa hiyo usiogope, bali uliza.

Nawe baba, sikiliza. Mkeo aliyewekewa wavu akisema tendo la ndoa linamwumiza, usimdhanie kuwa amekuchoka. Huenda wavu umejitokeza, na hata wewe unaweza kuchomwa nao. Msimame kwanza, mwende pamoja kwa daktari.

Kabla ya kutia sahihi, ulizeni pamoja:

1. Je, utatumia wavu? Utauweka kwa kupitia wapi?
2. Umewafanyia wangapi, nao wanaendeleaje?
3. Ukileta shida, nani atautoa?
4. Je, kuna njia nyingine?

Njia nyingine zipo. Mama akaze misuli kama anayezuia mkojo, mara 8, kisha arudie hivyo mara 3 kwa siku, kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Ipo pia pete laini ya kutegemeza kizazi, na upasuaji wa kushona bila wavu.

Mliahidiana kuwa pamoja katika afya na ugonjwa. Basi ugonjwa huu nao uwe wenu wawili.