Ukuta Uliovunjwa Huzidi Ukubwa: Hesabu ya Kifusi Kabla ya Kukodi Chombo

Mwenye nyumba wa Kirumba au Isamilo, jijini Mwanza, anapokusudia kuvunja kuta mbili za ndani ili apate sebule kubwa, jambo la kwanza analohesabiwa na fundi ni mifuko ya saruji. Kifusi hakihesabiwi. Fundi huzitazama kuta kwa jicho na kutamka kwamba tripu moja ya lori itatosha. Tripu hiyo inapoondoka, sehemu kubwa ya kifusi huwa ingali imelala kando ya njia, na fedha zimekwisha.

Kosa hilo lina asili yake katika fizikia. Ukuta wa matofali ya saruji yasiyo na matundu, ukiwa umesimama, hauna nafasi tupu kubwa ndani yake. Ukivunjwa, vipande hulaliana ovyo na kuacha mianya iliyojaa hewa. Mada haikuongezeka, na uzito ni ule ule. Kilichoongezeka ni nafasi inayochukuliwa.

Kadiri ya ongezeko hilo yaweza kupimwa shuleni bila chombo cha maabara. Yatwaliwe mabaki ya matofali, yapondwe vipande vidogo, kisha yalowekwe majini usiku kucha. Kuloweka ni muhimu, kwa maana tofali kavu hunywa maji na kuharibu kipimo. Vipande vikishachuruzika, ijazwe ndoo ya lita 20 hadi ukingoni bila kushindilia. Hatimaye maji yamiminwe kwa kikombe cha kipimo mpaka yatokeze juu. Ikiwa zimeingia lita 8, basi mianya ni asilimia 40 ya ndoo, na mada yenyewe ni lita 12 tu. Maana yake ni kwamba lita 12 za ukuta zimekuwa lita 20 za kifusi. Wanafunzi wasishangae wakipata tarakimu tofauti kidogo: vipande vikubwa ndani ya ndoo ndogo huacha mianya mingi zaidi.

Sasa zihesabiwe kuta za yule mwenye nyumba. Kila moja ina urefu wa mita 6, kimo cha mita 3 na unene wa mita 0.18 pamoja na lipu ya pande zote mbili. Ujazo wa ukuta mmoja ni mita za ujazo 3.24, kuta mbili ni 6.48. Kwa uwiano wa 20 kwa 12, kifusi chake kitakuwa mita za ujazo 10.8. Ukuta wa namna hiyo una uzito wa takriban kilo 2,000 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mzigo wote unakaribia tani 13.

Lori lililokodiwa lina bodi yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kimo cha mita 1, yaani mita za ujazo 8, na limeruhusiwa kubeba tani 7. Aliyepima ukuta uliosimama ataona 6.48 ni ndogo kuliko 8, akaridhika na tripu moja. Hapo amekosea mara mbili. Kwanza, kifusi ni 10.8 na hakiingii. Pili, na hili ndilo la hatari, hata bodi isijazwe mpaka juu. Mita moja ya ujazo ya kifusi hiki ina kilo 1,200. Mita 8 ni tani 9.6. Lori litakuwa limezidishiwa tani 2.6, nalo lateremka mlima wa Isamilo likitegemea breki zilizotengenezwa kwa tani 7. Kipimo halali ni mita za ujazo 5.8 kwa safari, na safari ni mbili. Mzigo wa mbao na dari una tabia ya kinyume: bodi hujaa mapema huku uzito ungali mdogo.

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani mwenye nyumba hukodi kontena la chuma lililo wazi juu, likawekwa mlangoni kwa siku kadhaa, kisha likaja kuchukuliwa. Faida yake kubwa ni kwamba kontena hungoja. Lori la kukodi halingoji. Kwa hiyo kifusi hurundikwa nje kwanza, hata kama ni kwa siku tatu tu. Kwenye miteremko ya Mwanza, ambako nyumba nyingi zimekaa juu ya mawe ya matale na njia hazipitishi gari, kifusi hushushwa kwa toroli au kwa karai kichwani, na rundo la barabarani hukaa muda mrefu zaidi.

Mvua za vuli zikilikuta rundo hilo, maji huchukua mchanga na unga wa saruji hadi mifereji, na mifereji hupeleka katika Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji na kuingia Ziwa Viktoria. Mfereji ulioziba kwa kifusi humwaga maji yake ndani ya nyumba za mabondeni. Ziwani nako tope hutua kwenye maji ya kina kifupi, ambako sato huchimba viota vyake mchangani. Wako pia wanaotumia kifusi kujaza matete ya ufukoni ili kupata kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ambamo haziruhusiwi shughuli za kudumu au zenye kuelekea kudhuru mazingira.

Njia nafuu ni kupunguza mzigo kabla ya kukodi chochote. Matofali mazima, nondo, mbao na mabati vyote vina wanunuzi. Kifusi safi chafaa kujazia msingi chini ya sakafu. Mabati ya asbesto ya nyumba za zamani yasivunjwe wala kuchanganywa na kifusi, kwa sababu vumbi lake husababisha saratani. Yahitaji ushauri wa maofisa wa mazingira kabla hayajaguswa.

Zoezi. Kontena lisilovuja la mita za ujazo 6 limejazwa kifusi kikavu cha aina iliyoelezwa hapo juu. Halikufunikwa turubai, na mvua imejaza maji mianya yote. Je, uzito umeongezeka kwa tani ngapi? Gari lenye uwezo wa kuinua tani 8 litaweza kulichukua? Jibu la swali la kwanza ni angalau tani 2.4, kwa maana vipande vikavu navyo hunywa maji; la pili litafutwe na mwanafunzi, bila kusahau uzito wa kontena lenyewe.