Dondoo muhimu: Mtoto mchanga anapoingia bwawani mara ya kwanza

Anza na maji yenyewe. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupoteza joto upesi, hivyo anahitaji maji ya nyuzi 32 hivi. Mabwawa mengi ya wazi ya Nairobi au Arusha hayafiki hapo, hasa Julai. Akianza kutetemeka au midomo ikibadilika rangi, mtoe mara moja, mkaushe, umfunike. Siku ya kwanza dakika 10 zinatosha, hata kama bado anacheka.

Ingia naye polepole ukiwa umemkumbatia kifuani, umwagie maji mabegani kidogo kidogo. Usimzamishe kichwa, hata shangazi akisisitiza kwamba watoto wa pwani huzaliwa wakijua kuogelea. Boya la shingoni liache dukani. Mikono yako inatosha.

Nepi ya kawaida hufyonza maji ikawa nzito, kwa hiyo tafuta ya kuogelea. Akiharisha, bwawa lingoje mpaka siku 2 zipite tangu aache.

Kwenye bwawa la wazi, nendeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi, na mkae kivulini. Picha? Apige mwingine.