Ulichokopi Kina Sura Ngapi?

Kukopi na kupesti ni kazi ya kila siku ya mwanafunzi, lakini wachache tunajua kinachotokea katikati. Ukibonyeza Ctrl+C, kitu kinakaa kwenye ubao wa kunakili, yaani sehemu ya muda kwenye memori ya kompyuta. Na hakikai kwa sura moja. Programu unayokopia huweka fomati kadhaa za kitu hichohicho kwa mpigo, halafu ile unayopestia huchagua inayoifaa.

Jaribu hivi: kopi seli chache za Excel. Ukizipesti kwenye Paint, unapata picha. Kwenye Word, jedwali. Kwenye sehemu ya anwani ya braoza, maandishi matupu. Na umekopi mara moja tu!

Unataka kuona orodha yenyewe? Ukiwa Word, bonyeza Ctrl+Alt+V. Kabla ya kupesti chochote, itakuonyesha fomati zilizopo: "HTML Format", "Unformatted Text", "Bitmap" na nyinginezo. Wenye Linux iliyowekwa xclip, andikeni kwenye terminali:

xclip -selection clipboard -t TARGETS -o

Wenye Mac:

osascript -e 'clipboard info'

Sasa rudi kwenye orodha ya Word. Utaona "Microsoft Excel Worksheet Object". Hapa ndipo penye hatari. Ukichagua hiyo, kwenye ripoti haliingii lile jedwali dogo peke yake, linaingia faili zima la Excel. Yeyote utakayemtumia ripoti akibofya jedwali mara mbili, anaweza kufungua shiti nyingine zote: majina ya wahojiwa, namba zao za simu, majibu yao. Watu haohao uliowaahidi usiri kwenye fomu ya ridhaa. Kwa data za utafiti, chagua maandishi matupu au picha, basi.

Jambo la pili ni kompyuta za maktaba. Kwenye Windows, kama historia ya ubao imewashwa, Windows+V huonyesha hadi vitu 25 vilivyokopiwa karibuni, paswedi yako ikiwemo kama uliikopi. Kabla hujainuka, ifungue na ubonyeze "Clear all". Vilivyowekewa pini havifutiki kwa njia hiyo. Viondoe kimoja kimoja. Historia ikiwa imezimwa, kitu cha mwisho bado kipo: kopi neno lolote la kawaida, nalo litachukua nafasi yake.