Dondoo muhimu: Moshi wa magari na pumu ya mtoto

Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na kimo chake humweka karibu na bomba la moshi la gari. Moshi huo huvimbisha njia za hewa na kuamsha pumu. Mwaka 2020, mahakama ya uchunguzi wa vifo London iliamua kuwa hewa chafu ilichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekuwa na miaka 9 na pumu kali.

• Mkienda shule kwa miguu, piteni mitaa ya ndani badala ya barabara kuu.
• Kituoni, simameni nyuma, mbali na mabasi yanayonguruma.
• Kwenye foleni, funga vioo. Ukimsubiri mtoto getini, zima injini.
• Barakoa ya kitambaa haizuii gesi za moshi, usiitegemee.
• Dawa ya kuzuia pumu itumike kila siku kama daktari alivyoelekeza, hata mtoto akiwa hana dalili. Pampu ya kutuliza ikae kwenye begi, na mwalimu ajue.
• Akikohoa usiku au kifua kikilia filimbi, mpeleke kituo cha afya.

Akishindwa kuzungumza, mbavu zikibonyea anapovuta pumzi au midomo ikiwa ya bluu, wahi hospitali mara moja.