Leo Kipi Kimeiva? Namna Ninavyokula Nikiwa Safari ya Kikazi

Menyu iliyobandikwa ukutani inaeleza jiko linaweza kupika nini. Mtu mwenye kikao saa nane mchana anataka kujua jambo jingine: sasa hivi, saa sita na nusu, ni nini kimeshaiva. Kazi yangu ya ukaguzi wa hesabu hunipeleka Dodoma, Mwanza, Moshi, Tanga na kwingineko, kwa siku chache zilizojaa vikao, na swali hilo huliuliza kabla sijavuta kiti.

"Shikamoo mama. Leo kipi kimeiva?"

"Marahaba, mwanangu. Wali upo, maharage yapo, nyama ipo. Ugali ndio nausonga. Samaki, kama una haraka, usimsubiri."

Kwa jibu hilo nimeshajua nitakula nini na nitatoka saa ngapi. Aliyeng'ang'ania samaki kwa sababu amemwona kwenye menyu atakuwa bado anaangalia saa wakati mimi nanawa.

Mama lishe ana ratiba yake, na ukiielewa hutagombana na mhudumu. Maharage hubandikwa mapema kwa kuwa huchukua muda mrefu. Mchuzi wa nyama unafuata. Wali huiva kuelekea saa sita. Ugali husongwa mwisho, tena kwa mafungu, maana ukikaa unapoteza ladha. Chochote kilicho nje ya mpangilio huo huanza upya pale unapoagiza: kuku wa kienyeji asiyechemshwa bado, sato anayetoka kwenye barafu, chipsi ambazo viazi vyake havijamenywa. Basi mchana wenye vikao mimi hula kilichomo kwenye masufuria makubwa. Huwa ndicho kizuri zaidi, kwa sababu ndicho alichokishughulikia tangu asubuhi.

Nikilazimika kuchagua mlo mmoja wa kuutegemea siku nzima, nachagua supu ya asubuhi. Wengi tuliolala gesti yenye chai ya bure hunywa chai na vipande viwili vya mkate, kufika saa tano tunasinzia kikaoni. Supu ya mbuzi au ya makongoro, yenye limau na pilipili kidogo, pamoja na chapati mbili au ndizi za kuchemsha, hukufikisha mchana bila kutafuta vitafunwa. Moshi na Arusha ulizia mtori. Ndizi na nyama vimo ndani ya bakuli moja. Lakini wahi. Supu nzuri huanza kuuzwa alfajiri, na ukifika saa nne unaweza kukuta mchuzi umeongezwa maji na nyama iliyobaki ni mifupa. Mimi huamka nusu saa mapema kwa ajili yake, na naona ni nusu saa iliyotumika vizuri.

Dodoma ina mambo yake. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, na miezi hiyo mji hujaa. Tangu treni ya SGR ianze kufika huko mwaka 2024, wanaokuja kikazi kutoka Dar es Salaam wameongezewa njia rahisi ya kufika. Ikifika saa saba mchana, migahawa ya karibu na ofisi inakuwa na foleni na nyama nzuri imekwisha. Ukiweza, omba mapumziko ya kikao yaanze saa sita na robo. Nimeshawaomba wenyeji wangu hivyo mara nyingi na hakuna aliyekataa, kwa kuwa nao wanaijua foleni hiyo. Kama kazi yako iko Mji wa Serikali, Mtumba, usipange kurudi katikati ya mji kula mchana; muda wote utaishia barabarani. Kula huko huko. Na kama safari yako imeangukia Jumamosi na kazi imekwisha, nenda mnadani Msalato ukale nyama ya mbuzi.

Hapo kwenye nyama choma ndipo watu wenye haraka huumia. Nyama huuzwa kwa kilo ikiwa mbichi, unaichagua mwenyewe buchani, halafu inaenda jikoni. Kuchomwa kwa moto mdogo mpaka iive vizuri kunaweza kuchukua hata saa nzima, na ukimharakisha mchomaji ataipeleka kwenye moto mkali: nje imeungua, ndani damu. Dawa yake ni simu. Siku ya kwanza nikifika mahali pazuri naomba namba ya mchomaji. Siku ya pili nampigia tukiwa bado kazini: "Kaka, nichagulie kilo moja na nusu ya mbuzi, mbavu na paja, tunafika saa moja na nusu." Tukifika inakatwakatwa mezani, kachumbari tayari. Kumbuka pia kwamba nyama hupungua motoni. Nusu kilo ni ya mtu mmoja mwenye njaa, na haitoshi watatu.

Mkiwa kundi, ugumu huongezeka. Watu wanane wakiagiza vyakula vinane katika jiko lenye mafiga matatu, wa kwanza atakuwa amemaliza kula wakati wa mwisho hajaletewa maji ya kunawa. Sisi hukubaliana vyakula viwili tu, kwa mfano wali nyama na ugali samaki, na mtu mmoja anapiga simu saa nne kuagiza. Jioni tunaomba sinia. Suala la malipo nalo lisemwe kabla ya kula: kama kila mtu anajilipia, mwambieni mhudumu aandike mapema, badala ya kumwachia hesabu ya kugawa bili wakati dereva ameshawasha gari.

Kwa wanaorejesha masurufu: ulizia risiti ya mashine ya EFD kabla ya kuagiza. Wafanyabiashara wengi wadogo hawana mashine hiyo, na si haki kumbana mama lishe akupe karatasi asiyokuwa nayo baada ya kula chakula chake. Mimi hugawa. Chakula kinachohitaji risiti nakula kwenye mgahawa wenye mashine. Supu na wali wa mama lishe nalipa kutoka kwenye posho yangu ya kujikimu. Kwa lipa namba, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri, na mwonyeshe mhudumu ujumbe wa malipo kabla hujaondoka.

Ukielekea pwani, kalenda hubadilika. Tanga na Zanzibar, mchana wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa, na aliyefunga na asiyefunga wote wajipange mapema. Magharibi futari hukulipa subira yote, kuanzia uji na tambi mpaka mihogo ya nazi. Ijumaa mchana jiko husimama kwa ajili ya sala, hivyo kula kabla au baada, na ulizia biriani.

Kuhusu tumbo nina msimamo mkali, maana kuugua ugenini ukiwa na ripoti ya kuwasilisha ni mateso. Chakula kitoke jikoni kikiwa cha moto, mahali penye watu wengi ambapo sufuria huisha na kupikwa jingine. Kachumbari nailia pale tu ninapoona inakatwa kwa mikono safi. Maji nanunua ya chupa yenye kizibo ambacho hakijafunguliwa. Mahali pasipo na maji yanayotiririka na sabuni ya kunawa, naaga kwa heshima.

Na dereva. Katika safari nyingi nimeona maofisa wakiingia kula huku dereva akibaki kwenye gari, kisha wanatoka na kumwambia "twende". Mtu huyo ndiye atakayeendesha usiku kutoka Singida. Mwite mezani mwanzo kabisa, aagize pamoja nanyi, na kama hataki kukaa na wakubwa zake, mwachie nafasi akae anapopenda, lakini ale kwa wakati na apumzike kidogo kabla ya kushika usukani. Muulize pia pa kula. Madereva wanaijua njia nzima: wapi supu haikosekani, wapi choo ni safi, wapi chakula cha jana hupashwa moto. Migahawa mizuri ninayoijua barabarani, mingi nimeonyeshwa na wao.