Pikipiki Inapoitwa na Kiwanda Chake

Somo kwa wenye pikipiki, kwa motari, na kwa wote wanaopanda nyuma yao



Katika kurasa hizi tumezoea kujifunza habari za malaria, za minyoo, na za maji ya kunywa. Leo tutajifunza habari za chuma. Labda mtu atauliza: Je, pikipiki ni ugonjwa? Mtu huyo aje katika nyumba ya wagonjwa waliovunjika mifupa, ahesabu vitanda, aulize kila mgonjwa aliumia namna gani. Hatauliza tena.

Siku moja ya soko, jua likitua, walituletea kijana motari pamoja na mama aliyekuwa abiria wake. Kijana alivunjika mfupa wa paja. Mama alivunjika mkono, tena chumvi yake yote ilimwagika barabarani, naye aliililia chumvi kuliko mkono. Kijana alisema neno moja tu: “Breki ilikataa.” Nje ya mlango jamaa zake walikuwa wamekwisha kuanza kugombana. Wengine walisema baba yake mdogo alimwonea wivu kwa ajili ya kazi ile, akamroga. Wengine walisema mama yule ndiye aliyeleta mkosi. Tulifunga paja kwa mbao, tukampa kijana dawa ya maumivu, tukawaambia jamaa waende kulala.

Asubuhi nilikwenda pamoja na fundi mmoja, mshiriki wa kanisa letu, kuitazama pikipiki. Fundi alifinya mkono wa breki ya mbele. Ukafika mpaka kwenye usukani bila kushika kitu. Akafuata kwa kidole ule mpira mwembamba unaopeleka mafuta ya breki kutoka juu mpaka gurudumuni. Karibu na mwisho wake, pale unapoungana na chuma, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Vumbi la mahali pale lilikuwa limelowa. Tulipomwuliza kijana, hakuficha. Alisema, “Kila juma nilikuwa naongeza mafuta ya breki kidogo. Nilidhani yanakwisha kama esansi.”

Tusimame kidogo hapa, maana wengi hudhani hivyo. Esansi huungua ikaisha. Mafuta ya breki hukaa ndani ya njia iliyofungwa. Hayaungui, wala hayaendi popote. Yakishuka polepole kwa miezi mingi, mara nyingi ni kwa sababu pedi zimelika. Yakipungua kila juma, yanatoka mahali. Mtu anayeongeza tu bila kutafuta mahali hapo anafanana na mwuguzi anayemtia mgonjwa damu huku jeraha likiwa wazi.

Lakini jambo lililoniumiza sana tulilijua baadaye. Fundi alipokwenda mjini kutafuta mpira mpya, aliona karatasi ukutani mwa duka moja linalouza pikipiki za namna ile. Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa, imebandikwa yapata miezi saba. Ilisema kwamba pikipiki fulani, kutoka namba hii hata namba hii, zina kasoro katika mpira wa breki ya mbele. Kila aliye nayo ailete, atabadilishiwa bila malipo. Namba ya kijana wetu ilikuwamo. Lakini yeye alikuwa mtu wa nne kuiendesha pikipiki ile, wala hakuna aliyemwambia neno.

Karatasi kama hiyo ni kitu gani? Kwa Kifaransa inaitwa rappel. Sisi tuseme ni mwito. Kiwanda kimegundua kwamba kilikosea katika kuunda, au kwamba kitu kimoja kilichonunuliwa kwa mtengenezaji mwingine hakifai, na kosa hilo linaweza kumwumiza mtu. Basi kiwanda kinaziita mashini zake zote za namna hiyo zitengenezwe. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1966 ilivilazimisha viwanda vya magari na pikipiki kuwajulisha wenye mashini juu ya kasoro za namna hiyo, na sheria ya mwaka 1974 iliongeza kwamba matengenezo yawe bila malipo. Barua inayotumwa inaeleza kasoro yenyewe, hatari yake, na jinsi itakavyotengenezwa.

Nitatoa mfano mmoja uliojulikana sana, kwa sababu fundisho lake linatufaa hata sisi ambao hatutanunua kamwe pikipiki za namna hiyo. Katika Julai 2016, idara ya usalama wa barabara ya Marekani, iitwayo NHTSA, ilianza kuchunguza pikipiki kubwa za Harley-Davidson za miaka ya 2008 mpaka 2011, zenye kile kifaa cha ABS kinachozuia gurudumu lisikwame wakati wa kufunga breki. Idara ilikuwa imepokea malalamiko 43, na kati yake habari za ajali 3. Watu walisema walifinya breki, na breki haikujibu. Mwanzoni mwa 2018 kiwanda kikaziita pikipiki zipatazo 175,000 katika Marekani peke yake.

Ugonjwa wa pikipiki hizo ulikuwa nini? Yalikuwa ni mafuta ya breki yaliyozeeka. Kiwanda kilikuwa kimeagiza yabadilishwe kila miaka 2, lakini wenye pikipiki wengi hawakufanya hivyo. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa mvua. Yakikaa miaka mingi, uchafu huganda ndani ya vali ndogo za ABS, vali zikakwama, na breki ikapotea bila dalili iliyotangulia. Na dawa yake? Kuyatoa mafuta ya zamani, kusafisha njia yake, na kutia mapya. Kazi hiyo walifanyiwa bure.

Nawaomba mfikiri. Zaidi ya mashini laki moja na nusu ziliitwa kwa kazi ambayo fundi mwenye akili huimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sisi, nani kati yetu amepata kubadilisha mafuta ya breki tangu siku aliponunua pikipiki? Hata pikipiki isiyo na ABS hudhurika, ikiwa ina breki ya sahani. Mafuta yenye unyevu huchemka upesi zaidi breki ikipata moto. Anayeshuka milima ya Ngomo kwenda Kamanyola na Uvira, akiwa na abiria wawili na gunia, huku amefinya breki njia yote, anayapika mafuta hayo. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hauna nguvu ya kusukuma pedi. Hapo mkono wa breki unakuwa laini, na pikipiki inakwenda inakotaka. Mteremko mrefu ushukwe kwa vitesi ndogo, injini isaidie kuzuia. Tena msitie mafuta ya injini wala maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki, kama nilivyoona watu wakifanya. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya ndani na kuiharibu. Tieni yale yaliyoandikwa juu ya kifuniko, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa.

Mfano wa pili ni mfupi. Katika Desemba 2011 kiwanda cha Honda kiliita pikipiki zake za Gold Wing, kwa sababu breki ya nyuma iliweza kubaki imeshika hata baada ya kuachiliwa, ikapata moto mkali, hata ndimi za moto zikaweza kutokea. Zilitengenezwa. Lakini mwaka 2014 kiwanda kiliziita tena, maana baadhi ya zile zilizotengenezwa zilirudia kasoro ile ile. Kwa hiyo mtu asiseme, “Yangu ilikwisha kwenda mara moja.” Baada ya safari, weka mkono karibu na gurudumu bila kuligusa. Ikiwa hukufunga breki sana na bado unasikia joto kali, breki imeshika.

Wengine wakisikia habari hizi husema, “Basi kiwanda hicho ni kibaya, nitanunua cha wengine.” Mimi sifikiri hivyo. Kiwanda kisichoita kamwe mashini zake hakikosi makosa. Labda hakisemi tu. Ningependa mtu anayeniambia dawa aliyoniuzia ina kasoro kuliko mtu anayenyamaza.

Sasa tuulize: Kwa nini mwito haukumfikia kijana wetu?

Barua huenda kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa. Kwetu pikipiki huuzwa kwa mkono, mbele ya mashahidi wawili, na karte roze hubaki na jina la mtu wa kwanza, ambaye labda amehamia mbali au amekufa. Tena motari wengi si wenye pikipiki. Mwenyewe anakaa mjini, anangojea pesa zake kila jioni au kila juma, na motari ndiye aliye juu ya mashini. Barua ikifika, inamfikia mtu asiyeipanda. Naye akiipata, labda anahesabu: siku moja pikipiki ikilala kwa fundi, ni siku moja bila pesa. Basi anaiweka barua katika sanduku.

Kwa mtu wa namna hiyo nina neno gumu. Sheria ya Musa, katika Kutoka sura ya 21, inasema habari za ng’ombe mwenye desturi ya kupiga watu kwa pembe. Ikiwa mwenyewe alikwisha kuonywa wala hakumfunga, na ng’ombe akaua mtu, hatia ni juu ya mwenye ng’ombe. Haisemi habari za kurogwa.

Motari naye ana woga wake. Anafikiri akiipeleka pikipiki yenye kasoro dukani, watamnyang’anya. Hapana. Mwito si wa kunyang’anya, ni wa kutengeneza. Mara nyingine watasema vyuma vipya havijafika. Hapo mwulize fundi swali moja wazi: “Niendelee kuipanda wakati ninaongoja, au niiache?” Kwa kasoro ya breki, ya usukani, au ya esansi inayovuja, jibu lake lifuatwe hata kama tumbo linalia.

Kwa kuwa mwito hautujui, itatupasa sisi tuutafute. Kila pikipiki ina namba yake iliyopigwa katika chuma, shingoni, chini ya usukani. Ndiyo namba ya shasi. Mara nyingi ni herufi na tarakimu 17. Futa matope, uisome polepole, uiandike mahali ambapo haitapotea. Ilinganishe na karte roze; zikitofautiana, hiyo nayo ni habari ya kuuliza kabla ya kununua. Unapokwenda mjini, au mtu wa nyumbani mwako anapokwenda, apeleke namba hiyo kwa wauzaji wa pikipiki za aina hiyo, aulize kama ina mwito. Mwenye mtoto mwenye simu ya intaneti anaweza kumwomba atafute habari za kiwanda hicho pamoja na neno lile rappel. Unapouza pikipiki, mpe mnunuzi kila karatasi uliyopokea, hata ile usiyoipenda.

Pikipiki nyingi ndogo zina breki za waya, zisizo na mafuta. Hizo nazo tazama nyuzi za waya kama zimekatika hata moja pale zinapoingia katika mkono wa breki. Na yule anayepanda nyuma anaweza kumwambia motari kabla ya kuondoka, “Mwanangu, finya breki nione.” Si matusi. Mama yule wa chumvi huwaambia hivyo sasa, nao humtii, kwa sababu wanauona mkono wake, ambao haukunyoka vizuri.

Kijana alikaa kwetu majuma mengi, mguu wake ukivutwa kwa uzito. Siku moja baba yake mdogo, yule aliyeshtakiwa kwa uchawi, alikuja kumtazama. Alikaa pembeni ya kitanda, hakusema mengi. Fundi wetu alikuwapo na mpira wa zamani mfukoni. Aliukunja mbele yao mpaka ufa ukafunguka kama mdomo, akampa mzee aushike. Mzee aliutazama muda mrefu, akampa mjomba wa kijana, naye akampa mama yake. Ulizunguka chumba kizima.

Kisha mzee akauliza kama ile pikipiki ya mtoto wake mwenyewe, iliyosimama pale nje chini ya mwembe, ina namba kama hiyo. Tukatoka. Fundi alimwaga maji shingoni mwa pikipiki, akasugua kwa shati la kazi, akasoma herufi moja moja, nami nikaziandika nyuma ya fishi ya mgonjwa, kwa sababu hatukuwa na karatasi nyingine.